Sura ya 6: Majirani Hewani

Kiboko haina mengi ya kumsimamisha msafiri. Ni kituo kidogo kando ya Barabara ya Mombasa, kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, kabla hujafika Makindu, mahali pa joto na mvua haba. Lakini watafiti wa mahindi wa nchi nyingi wanaijua kwa jina. Hapo ndipo lilipo shamba la KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, na hapo ndipo wataalamu wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, wanapopima mbegu zinazostahimili ukame. Mwaka wa 2013 kilizinduliwa hapo kituo maalumu cha kuzalisha mistari halisi ya mahindi, yaani mbegu zisizobadilika kizazi hadi kizazi, kwa misimu miwili mitatu, kazi ambayo zamani ilichukua miaka.

Kazi hiyo yote huharibiwa na jambo dogo sana: chavua ya shamba hili ikiangukia ndevu za mahindi ya shamba lile. Mahindi huchavushwa na upepo, na upepo haujui mpaka. Kwa hiyo mzalishaji wa mbegu huyatenganisha mashamba kwa mamia ya mita. Asipopata nafasi, hupanda moja wiki kadhaa baada ya jingine ili yasichanue pamoja. Na pale ambapo mstari ni wa thamani kubwa, huvika mifuko ya karatasi, mbelewele na gunzi, mmea mmoja mmoja.

Fundi wa mitandao isiyotumia waya hupambana na adui wa namna hiyo hiyo hewani, na dawa hizo tatu, yaani umbali, zamu na kizuizi, anazo. Tena anayo ya nne ambayo mzalishaji wa mbegu hana: anaweza kumhamishia jirani kwenye masafa mengine, wakakaa mahali pamoja, saa ile ile, bila kuvurugana. Kuamua nani akae masafa gani ndiko kugawa chaneli. Kazi hii haina jina kubwa mtaani. Mteja hulalamika kwamba netiweki inasumbua. Muuzaji humpa bando kubwa zaidi, au rauta yenye antena nyingi zaidi. Mara nyingi ubovu haukuwa kwenye bando wala kwenye antena. Ulikuwa kwenye nambari moja ambayo hakuna aliyekaa akaichagua.

Redio zilitangulia kukutana na tatizo hili. Ukanda wa FM nchini Kenya unaanzia megahezi 87.5 hadi 108, yaani megahezi 20.5 tu za kugawana vituo vyote vya nchi. Radio Citizen husikika Nairobi kwenye 106.7 na Mombasa kwenye 97.3. Kipindi ni kimoja, nambari ni mbili, na abiria wa basi la usiku huona ni usumbufu. Lakini kama mitambo miwili ya kawaida ya FM ingerusha kwenye nambari moja, kungekuwa na eneo la katikati ambako redio inapokea yote miwili. Redio ya FM ina tabia ya kumshika mwenye nguvu na kumnyamazisha mnyonge. Pale ambapo wawili hao wanakaribiana nguvu, haimshiki yeyote. Husikika mikwaruzo, neno moja la huyu na nusu ya neno la yule.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, limeweka kipimo cha jambo hili. Ili kituo cha stirio kisikike vizuri, mawimbi yake yanapaswa kumzidi mwenzake wa chaneli ile ile kwa desibeli 37, hata kama mwingiliano huo hutokea mara chache tu. Desibeli 37 ni nguvu mara 5,000. Sasa msogeze huyo mwenzake kwa megahezi 0.4, hatua ambayo kidole hakiihisi kwenye kitufe cha redio. Hapo jirani anaweza kuwa na nguvu mara 100 kukuzidi wewe na bado wasikilizaji wako wasisumbuke. Kwa hatua moja hiyo uvumilivu umebadilika mara 500,000. Hakuna mnara wala jenereta inayoweza kununua faida kama hiyo.

Ndiyo maana nambari ni mali kubwa hasa kwa mnyonge. Kule Nthongoni, upande wa Mtito Andei, Radio Mang'elete ilianza kurusha matangazo mwaka wa 2004, kituo cha jamii kilichoanzishwa na vikundi vya akina mama wa eneo hilo, kikizungumza Kikamba kwenye 89.1. Kituo cha jamii hakiwezi kushindana kwa nguvu na vituo vya kibiashara vyenye mitambo juu ya vilima. Kinachokilinda ni mgawo wake: kwamba mtu mwingine asiruhusiwe kurusha kwenye nambari hiyo karibu naye. Jiografia nayo husaidia. Mawimbi ya FM husafiri karibu sawa na macho yanavyoona, na Milima ya Chyulu, inayopita mita 2,000 kwenda juu, husimama kama ukuta upande wa magharibi.

Nairobi hakuna ukuta kama huo, na kilichotokea huko ni funzo. Vituo vya mitaani vilipoanza kupewa vibali katika muongo wa 2000, Koch FM ya Korogocho, Pamoja FM ya Kibera na Ghetto FM ya Pumwani vilijikuta vyote kwenye 99.9. Hesabu yake inaeleweka: punguza nguvu ya mtambo, kila kituo kisikike mtaani kwake tu, na nambari moja itumike mara tatu katika jiji moja. Kibera na Korogocho zimetengana kilomita 13 hivi kwa mstari ulionyooka, lakini Kibera na Pumwani hazifiki kilomita 10. Ukiwa ndani ya mtaa, kituo chako kinashinda. Ukipanda matatu kwenda mjini, unaingia katikati ya watatu wanaosema kwa pamoja. Mpango huo uliwapa wengi sauti kwa kutumia kipande kidogo sana cha hewa, na gharama yake ikabebwa na wale wanaoishi mpakani.

Hesabu iliyo nyuma ya mambo haya ina historia ya kupendeza. Mwaka wa 1852 kijana Mwingereza, Francis Guthrie, alikuwa akipaka rangi ramani ya majimbo ya Uingereza akagundua kwamba rangi nne zinatosha ili majimbo yanayopakana yasifanane. Je, zinatosha kwa ramani yoyote? Hakuweza kuthibitisha. Baadaye alihamia Afrika Kusini, akafundisha hisabati Graaff-Reinet na kisha Cape Town, akawa pia mtafiti wa mimea. Jibu lilipatikana mwaka wa 1976, Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois walipotumia kompyuta kupitia hali zote zilizohitaji kuchunguzwa. Ndiyo, nne zinatosha.

Mhandisi wa redio huchukua wazo hilo na kuliweka hivi: kila mtambo ni nukta, mitambo miwili inayovurugana huunganishwa kwa mstari, nukta zilizounganishwa zisipewe rangi moja. Rangi ni chaneli. Ila hewa si ramani ya karatasi. Mawimbi huruka jirani wa karibu na kumsumbua wa tatu, kwa sababu huyo wa tatu yuko juu ya kilima. Kwa hiyo rangi nne hazitoshi kila mara, na mtandao ukishakuwa mkubwa hakuna njia ya haraka inayojulikana ambayo kila mara huhakikisha mgawo bora kabisa. Wapangaji hutumia kanuni za kukaribia: anza na mwenye majirani wengi zaidi, mpe chaneli, nenda kwa anayefuata.

Simu za mkononi zilijengwa juu ya ramani hiyo. Mwezi Desemba 1947, D. H. Ring wa maabara za Bell nchini Marekani, akisaidiwa na W. Rae Young, aliandika pendekezo la kugawanya nchi katika vipande vidogo na kurudia masafa yale yale katika vipande vilivyo mbalimbali. Safaricom na Kencell zilipofungua huduma mwaka wa 2000, teknolojia ya GSM waliyoileta ilikuwa na chaneli 124 katika ukanda wa megahezi 900, kila moja ya kilohezi 200, za kugawana kampuni zote. Tuseme kampuni imepewa megahezi 10, yaani chaneli 50. Ikizigawa katika mafungu 12, ili minara minne yenye pande tatu tatu isirudie chaneli, kila upande wa mnara unabaki na chaneli nne. Kila chaneli ina nafasi nane za mazungumzo, kwa hiyo nafasi 32, na baadhi yake hutumika kwa shughuli za mtandao wenyewe. Watu 30 hivi wakizungumza, wa 31 anaambiwa ajaribu tena.

Barabara ya Mombasa ilikuwa rahisi kupangia kuliko mji. Minara iliyojipanga kando ya barabara kutoka Sultan Hamud hadi Mtito Andei ni kama mstari: kila mmoja ana jirani wa mbele na wa nyuma, na mafungu machache yanatosha. Mpango huvunjwa na mnara wa kilimani. Uliowekwa juu ya kilima cha Nzaui huona mbali kuliko unavyopaswa, na mawimbi yake huangukia minara ya bondeni ambayo kwenye karatasi haikuwa jirani yake. Dawa ya wahandisi ni kuinamisha antena kidogo kuelekea chini, ili ihudumie walio karibu na kuwaacha wa mbali. Mitandao ya 4G siku hizi hutumia masafa yale yale katika kila mnara, na badala ya kugawana chaneli kwa kudumu, minara hugawana sehemu ndogo ndogo za muda na masafa, ikipeana taarifa kila wakati.

Hadi hapa kuna mwenye mamlaka. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutoa nambari, hutoza ada, na humfuata anayevamia. Wi-Fi ni habari nyingine. Ukanda wake wa zamani, wa gigahezi 2.4, hauhitaji kibali, na hiyo ndiyo sababu ulienea hadi vibandani. Ni sababu hiyo hiyo inayoufanya uchafuke.

Ukanda huo una upana wa megahezi 83.5, na rauta huonyesha chaneli 13. Anayeziona hudhani ana nafasi 13. Hana. Chaneli zimeachana megahezi 5 tu, ilhali matangazo ya Wi-Fi yanahitaji upana wa megahezi 20 au zaidi kidogo. Chaneli ya 1 hufunika pia 2 na 3, hugusa 4. Zisizogusana ni tatu: 1, 6 na 11.

Tuchukue mfano wa maduka sita yaliyopangana kando ya barabara, kama yalivyo katika vituo vingi kuanzia Emali hadi Mtito Andei: duka la M-Pesa, famasi, saiba, hoteli ya chai na chapati, duka la vipuri vya malori, na gesti ghorofani juu yao wote. Kila mmoja ana rauta, na kila rauta ilijichagulia chaneli siku ilipowashwa. M-Pesa iko 1, famasi 3, saiba 6, hoteli 4, vipuri 8, gesti 5. Mtu akitazama harakaharaka ataona kila mmoja ana nambari yake, na ataona mpango ni mzuri. Kwa kweli ni mbaya kuliko kama wote sita wangekaa chaneli ya 6.

Sababu yake inastahili kueleweka vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Vifaa vya Wi-Fi vilivyo kwenye chaneli moja husikilizana. Kabla ya kurusha, kila kimoja hutega sikio. Kikisikia mwenzake anaongea, hata kwa mbali, husubiri. Hiyo ni foleni, na foleni ni polepole lakini husogea. Walio kwenye chaneli zinazogusana nusu hawaelewani. Famasi kwenye 3 haiwezi kusoma ujumbe wa M-Pesa kwenye 1. Huusikia kama mvumo tu. Na kwa mvumo, kiwango kinadai nguvu mara 100 zaidi kabla kifaa hakijanyamaza: desibeli 20 za tofauti, kutoka -82 hadi -62. Kwa hiyo famasi hairudi nyuma. Hurusha juu ya mwenzake, pakiti za wote wawili huharibika, wote hurudia, na kurudia huko huongeza msongamano. Anayechagua chaneli ya 3 akidhani amekwepa umati amejiweka mahali ambapo hakuna anayemsikia na yeye huwavuruga wote.

Mgawo unaofaa huanza kwa kuchora nani anamsikia nani. M-Pesa apewe 1, famasi 6, saiba 11, hoteli arudi 1, vipuri 6. Ukuta wa mawe na maduka mawili katikati hupunguza mawimbi, hivyo M-Pesa na hoteli watasikiana kwa udhaifu, na wakisikiana watapokezana. Gesti ndiyo ngumu, maana iko juu na husikia wote watano. Hakuna chaneli ya nne. Hapo mgawaji mzuri huacha kutazama ramani peke yake na kuuliza watu wana shughuli saa ngapi. Saiba hufanya kazi mchana na kufunga jioni. Wageni wa gesti hufika jioni na kufungua video zao baada ya chakula. Wawili hao wakae 11 pamoja. Chaneli moja, wenyewe wawili, na mara chache kukutana.

Yapo marekebisho mengine mawili yasiyogharimu senti. Rauta nyingi huruhusiwa kupanua chaneli hadi megahezi 40 ili kuongeza kasi. Kwenye gigahezi 2.4, anayefanya hivyo amechukua karibu nusu ya hewa ya mtaa mzima, na mtaani kasi hiyo hata haipati. Arudishe 20. La pili ni kupunguza nguvu. Duka la futi kumi kwa kumi halihitaji kusikika ng'ambo ya barabara. Watu wengi hupinga hili wakiona kama wanapunguziwa haki yao, ilhali simu ya mteja ina nguvu ndogo na haiwezi kujibu kwa sauti kubwa kama ya rauta. Rauta inayosikika mbali kuliko simu inavyoweza kujibu inamwonyesha mteja baa zilizojaa na kumnyima mtandao.

Kampuni ndogo za intaneti zinazorusha kutoka mnara hadi paa la nyumba hutumia gigahezi 5, ambako nafasi ni kubwa zaidi. Mnara wenye antena nne, kila moja ikitazama robo ya mazingira, unaweza kuhudumia pande zote kwa chaneli mbili tu: kaskazini na kusini chaneli moja, mashariki na magharibi nyingine. Antena mbili za chaneli moja hupeana mgongo, na saa zake huendeshwa na setilaiti za GPS ili zirushe kwa pamoja na kusikiliza kwa pamoja. Bila saa hiyo, moja hurusha wakati mwenzake anajaribu kusikia mteja wa mbali, na mteja huyo hapati kitu. Ndani ya ukanda huo mna pia masafa ya rada za hali ya hewa, megahezi 5,600 hadi 5,650, na kifaa kinachofuata viwango hutakiwa kuondoka mara kinapoisikia rada.

Njia iliyokwenda mbali zaidi katika kugawa chaneli ilijaribiwa Nanyuki. Mwaka wa 2013 Microsoft na Indigo Telecom walianzisha mradi wa Mawingu katika Laikipia, wakitumia chaneli za televisheni zisizotumika katika eneo hilo kufikisha intaneti kwenye maeneo kama shule ya sekondari ya Gakawa na zahanati ya Burguret. Mwaka huo huo jaribio kama hilo lilitangazwa Dar es Salaam likihusisha COSTECH na kampuni ya UhuruOne. Chaneli ya televisheni ina upana wa megahezi 8, na masafa yake ya chini hupenya majani na kuzunguka vilima kuliko Wi-Fi. Kifaa hakijichagulii. Hutaja mahali kilipo kwa daftari la kompyuta linalojua mitambo yote ya televisheni, na daftari hukijibu: hapa tumia hizi, kwa nguvu hii, kwa muda huu. Mahali kama Kiboko, mbali na miji mikubwa na mitambo yake, daftari kama hilo lingekuta chaneli nyingi ziko tupu.

Tangu hapo Kenya imeongeza nafasi. Mwaka wa 2021 Mamlaka ilitoa mwongozo wa leseni kwa mitandao ya jamii, na mwaka wa 2022 ikafungulia Wi-Fi ukanda wa megahezi 5,925 hadi 6,425: megahezi 500, karibu mara sita ya ukanda wa zamani, zinazotosha chaneli 24 zisizogusana. Lakini simu na rauta za bei ya chini hazifiki huko, na mama mwenye duka la M-Pesa ataendelea kuishi kwenye 2.4 kwa miaka mingi. Kwake yeye, na kwa majirani zake watano, kinachohitajika ni daftari dogo zaidi kuliko lile la Nanyuki. Kamati ya wafanyabiashara wa kituo inaweza kulitunza: jina la duka, chaneli, upana, saa za kazi. Linahitaji mtu mmoja mwenye simu iliyo na programu ya kuonyesha chaneli, apite mlango kwa mlango saa nne asubuhi, kisha apite tena saa mbili usiku saiba ikiwa imefungwa na gesti imejaa, na arudi kila linapofunguliwa duka jipya.